Barbara Ward: Mlei Aliyekataa Msaada Uitwe Sadaka

Wasomaji wetu wamezoea kukutana hapa na maisha ya watakatifu, ya wamisionari wa kwanza na ya maaskofu waliotutangulia. Safari hii tunamleta mlei: mwanamke, mchumi, mwandishi wa habari, mke na mama wa mtoto mmoja. Barbara Ward wa Uingereza alizaliwa mwaka 1914 na kufariki mwaka 1981. Hana altare wala sikukuu katika kalenda. Hata hivyo, mseminari anayesoma Mafundisho Jamii ya Kanisa hukutana na kazi yake mara kwa mara bila kulisikia jina lake. Ilikuwamo katika kuzaliwa kwa Tume ya Kipapa ya Haki na Amani, imo katika hati ya Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 juu ya haki duniani, na imo katika lugha tunayoitumia leo tunaposema mataifa yashirikiane kwa ajili ya maendeleo endelevu. Swali lililomsumbua maisha yake yote ndilo linalotusumbua na sisi kila parokia inapoandika barua kuomba ufadhili wa kisima au zahanati: je, anayetoa anatoa kwa huruma yake, au analipa anachodaiwa?

Alizaliwa tarehe 23 Mei 1914 karibu na mji wa York, akakulia Felixstowe, mji wa bandari mashariki mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyevutwa na Waquaker, wale Wakristo wanaosali kwa ukimya na kukataa vita. Mama yake alikuwa Mkatoliki wa kushika dini kweli kweli. Binti alisomeshwa na masista, akapelekwa Paris na Ujerumani kujifunza lugha, kisha akaingia Oxford, ambako mwaka 1935 alihitimu kwa daraja la kwanza katika falsafa, siasa na uchumi. Alipokuwa akifanya utafiti juu ya Austria aliona kwa macho yake chuki dhidi ya Wayahudi ikipanda kama maji ya mafuriko. Aliporudi nyumbani alianza kuwasaidia wakimbizi wa Kiyahudi, na akawaambia Wakatoliki wenzake kwamba jambo hilo linawahusu.

Hapo ndipo njia yake ilipokutana na ya mtu ambaye Afrika Mashariki ina sababu ya kumkumbuka. Kardinali Arthur Hinsley, Askofu Mkuu wa Westminster, kabla ya kupewa jimbo hilo alikuwa mjumbe wa Papa kwa misioni za Afrika zilizokuwa chini ya Waingereza, akiwa na makao Mombasa. Ndiye aliyewakusanya wakuu wa misioni Dar es Salaam mwaka 1928 na kuwahimiza washirikiane na serikali katika elimu, hata kama ingewalazimu kuahirisha ujenzi wa makanisa ili shule ziwe bora. Mwaka 1940, mabomu yakikaribia London, Hinsley alianzisha harakati iliyoitwa Upanga wa Roho, jina lililotoka katika Waraka kwa Waefeso. Barbara Ward, akiwa na miaka 26, alikuwa miongoni mwa nguzo zake.

Harakati hiyo ilijaribu jambo lililokuwa gumu wakati ule: Wakatoliki na Wakristo wengine kutetea haki pamoja, hadharani. Mei 1941 palifanyika mikutano mikubwa miwili katika ukumbi wa Stoll jijini London. Katika mmoja wao, Kardinali na George Bell, askofu wa Kianglikana wa Chichester, waliongoza pamoja sala ya Baba Yetu. Kwa seminari ya leo, ambako wiki ya kuombea umoja wa Wakristo imo katika ratiba, jambo hilo halishtui. Wakati ule lilishtua. Baadaye mwaka huohuo uanachama kamili ulibaki kwa Wakatoliki peke yao, na Waanglikana wakaanzisha harakati yao sambamba. Tunaona kwamba Ward alijifunza hapo, mapema, kuwa ushirikiano unaotegemea moyo mwema wa viongozi wawili unaweza kuvunjika kwa barua moja.

Tangu 1939 alikuwa ameajiriwa na gazeti la The Economist, akapanda hadi kuwa mhariri wa habari za nje. Sauti yake ilijulikana redioni, na mwaka 1946 akateuliwa kuwa mmoja wa magavana wa BBC. Ulaya ilikuwa magofu. Mwaka 1947 Marekani ilitangaza mpango wa Marshall, na kati ya 1948 na 1952 ikatoa takriban dola bilioni 13, sehemu kubwa kama ruzuku, ili Ulaya ya Magharibi isimame tena. Ward aliutetea mpango huo kwa kalamu na kwa mdomo. Jambo moja lilimkaa akilini: fedha hazikugawanywa kwa kila nchi kuomba kivyake. Nchi za Ulaya zilitakiwa kwanza zikae mezani, zipange pamoja, na zikaguane. Tangu hapo, kila alipozungumzia nchi maskini, mpango wa Marshall ulikuwa kipimo chake. Kama matajiri waliweza kufanya hivyo kati yao, kwa nini wasiweze kwa wengine?

Novemba 1950 alifunga ndoa na Robert Jackson, Mwaustralia aliyejipatia sifa kwa kuratibu ugavi wa Malta na Mashariki ya Kati wakati wa vita. Mwaka 1953 Jackson alipewa kuongoza tume ya maandalizi ya mradi wa mto Volta katika nchi iliyoitwa Gold Coast, na familia ikahamia Accra. Kwa hiyo Ward aliiona Afrika akiwa mkaaji. Alikuwapo wakati nchi hiyo inapata uhuru Machi 1957 na kuitwa Ghana, na mwaka huohuo akatoa mihadhara katika chuo kikuu chake juu ya mawazo yaliyokuwa yakiubadilisha ulimwengu.

Mradi wa Volta unastahili tukae nao kidogo, maana ndani yake kuna uzuri na ubaya wa ushirikiano wa mataifa. Kwame Nkrumah alitaka bwawa litakaloleta umeme, umeme ulete kiwanda cha kuyeyushia alumini, na kiwanda kitumie madini ya Ghana yenyewe. Ghana ilitoa nusu ya gharama za bwawa. Nusu nyingine ilikuwa mikopo ya Benki ya Dunia, Marekani na Uingereza. Mwaka 1961, Washington ilipoanza kusita kwa sababu ya siasa za Nkrumah, Ward, aliyekuwa akisikilizwa na Rais Kennedy, alikuwa miongoni mwa waliomsihi asirudi nyuma. Desemba ya mwaka huo Kennedy alikubali. Bwawa la Akosombo lilikamilika mwaka 1965, likafunguliwa rasmi Januari 1966, na mwezi uliofuata Nkrumah akapinduliwa.

Umeme ulikuja kweli, na Ghana imeutumia hadi leo. Lakini ziwa lililofanyika lilifunika takriban kilomita za mraba 8,500, na watu wapatao 80,000 wa vijiji zaidi ya 700 walihamishwa. Kichocho kilienea kandokando ya maji yaliyotulia. Kiwanda cha Tema, mali ya kampuni za Marekani, kilinunua sehemu kubwa ya umeme kwa bei ya chini iliyofungwa na mkataba wa muda mrefu, na malighafi yake ilitoka ng'ambo huku madini ya Ghana yakibaki ardhini. Hatusemi hayo ili kumhukumu Ward. Yeye na mume wake waliamini kwa dhati kwamba mradi huo ni wa manufaa, na tume ya Jackson iliandika kurasa nyingi juu ya afya na makazi ya watakaohamishwa. Ila mezani pale walikaa serikali, benki na kampuni. Mvuvi na mkulima wa bonde la Volta hawakuwa na kiti. Katika maandishi ya Ward ya miaka hiyo bwawa, kiwanda na ukuaji wa uchumi vinaaminiwa mno, na wanaoishi pale maji yatakapopanda wanatajwa kidogo mno.

Mwaka 1961 redio ya taifa ya Kanada ilianzisha mihadhara ya kila mwaka iitwayo Massey, na Ward akawa mhadhiri wa kwanza. Mwaka uliofuata mihadhara hiyo ikawa kitabu juu ya mataifa tajiri na mataifa maskini, kilichosomwa na marais, maaskofu na wanafunzi. Hoja yake kuu ni rahisi, na ndiyo sababu ilisambaa. Ndani ya nchi moja, alieleza, tajiri haachiwi achague kama atasaidia au la. Analipa kodi. Kodi hiyo inajenga shule ya mtoto wa maskini, inamtibu, inamletea maji safi, na hakuna anayemlazimisha maskini kupiga magoti kushukuru. Nchi za Ulaya zilifikia hapo kwa shida, baada ya karne nzima ya migomo, kipindupindu na madai ya haki. Lakini kati ya nchi na nchi bado tuko kwenye enzi ya bwana mkubwa anayetupa sarafu mlangoni anapojisikia. Ulimwengu una soko moja, una hatari moja ya vita, lakini hauna kodi. Ward alitaka msaada wa mataifa ufanane na kodi: wa kudumu, wenye kiwango kinachojulikana, unaopitia vyombo vya pamoja.

Na hakuishia kwenye msaada. Aliandika pia juu ya bei. Msomaji wa Tanga au Morogoro ataelewa upesi. Wakati wa uhuru Tanganyika iliongoza duniani kwa mkonge. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 bei ilianguka, nyuzi za viwandani zikachukua soko, na fedha zilizopotea hapo zilikuwa nyingi kuliko ambazo hotuba yoyote ya ufadhili ingeweza kurudisha. Ghana nayo ilipigwa na bei ya kakao. Ward alishikilia kwamba mshirika anayetoa kwa mkono wa kulia na kushusha bei kwa mkono wa kushoto hajawa mshirika.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulimkuta akiwa na jina tayari. Yeye na rafiki yake James Norris, mlei Mmarekani wa shirika la misaada la Kikatoliki, walisukuma wazo kwamba Kanisa lote liwe na chombo cha kudumu cha kushughulikia umaskini wa dunia. Tarehe 5 Novemba 1964 Norris alisimama mbele ya Mababa wa Mtaguso na kulieleza suala hilo kwa Kilatini. Wanawake wachache walikuwa wameruhusiwa ukumbini kama wasikilizaji tangu Septemba, lakini hakuna mwanamke aliyepewa nafasi ya kuzungumza katika mkutano mkuu wa Mtaguso. Ombi hilo liliingia katika hati ya Furaha na Matumaini, na Januari 1967 Papa Paulo VI akaiunda Tume ya Haki na Amani. Ward akateuliwa kuwa mmoja wa wajumbe wake wa kwanza.

Mwaka huohuo wa 1967 ulikuwa na mambo mawili yaliyotokea kwa kufuatana, na tunapenda kuyaweka pamoja. Tarehe 5 Februari Tanzania ilitoa Azimio la Arusha, lililoonya kwamba fedha si msingi wa maendeleo na kwamba taifa linalotegemea misaada na mikopo ya nje linauhatarisha uhuru wake. Tarehe 26 Machi, Dominika ya Pasaka, Papa Paulo VI alitoa waraka wa Maendeleo ya Watu, uliowaambia matajiri kwamba wana wajibu wa haki na wa mshikamano kwa maskini, na kwamba biashara huria peke yake haitoshi. Arusha iliongea na anayepokea, Roma ikaongea zaidi na anayetoa. Ward alikuwa upande wa Roma, na aliitumia miaka iliyofuata kuupeleka waraka huo katika mikutano ya wachumi ambao wasingeusoma. Ilimchukua muda zaidi kufika Arusha.

Oktoba 1971 Sinodi ya Maaskofu ilikuwa na mada mbili: upadre na haki duniani. Katika mada ya pili Barbara Ward aliitwa azungumze, akawa mwanamke wa kwanza kuhutubia Sinodi ya Maaskofu. Ilikuwa miaka 7 tangu Norris azungumze mbele ya Mtaguso. Aliwawekea maaskofu mambo mawili ambayo wengi walikuwa wakiyasikia yakiunganishwa kwa mara ya kwanza: pengo kati ya matajiri na maskini, na udogo wa dunia yenyewe, hewa yake, maji yake na udongo wake. Hati iliyotokana na Sinodi hiyo inasema kwamba kutenda haki ni sehemu ya lazima ya kuhubiri Injili, sentensi ambayo walimu wetu wa taalimungu hawachoki kuirudia. Wachache hukumbuka kwamba hati hiyohiyo inaonya kuwa kama binadamu wote wangetumia nishati na mali kama wanavyotumia matajiri, uhai duniani ungeharibika kwa namna isiyorekebishika. Wengi wanauona mkono wake hapo. Mwaka 1973 Tume ya Haki na Amani ilichapisha kijitabu chake juu ya mazingira na uumbaji, miaka 42 kabla ya Laudato si'.

Kati ya Sinodi na kijitabu hicho ulikuwapo mkutano wa Stockholm. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeitisha mkutano wake mkubwa wa kwanza juu ya mazingira ya binadamu, na katibu mkuu wa mkutano, Maurice Strong wa Kanada, alimwomba Ward na mwanabiolojia René Dubos waandike kitabu cha kuwaandaa wajumbe. Jina lake tukilifasiri ni Dunia Ni Moja Tu. Namna kilivyoandikwa inatuvutia kuliko hata yaliyomo. Rasimu ilipelekwa kwa washauri 152 wa nchi 58, waikosoe. Maoni yalirudi yakipingana, mengine makali, na waandishi wawili wakaandika upya. Miaka michache kabla, vitabu vya namna hiyo viliandikwa London au New York na kusomwa kwingineko. Pengine ndicho kiti ambacho mvuvi wa Volta hakukipata, ingawa lazima tukiri kwamba hata safari hii waliokipata walikuwa wasomi.

Nchi maskini zilikuwa na sababu ya kuushuku mkutano ule. Ziliuliza hivi: nyinyi mmekata misitu yenu, mmechoma makaa yenu, mmetajirika, na sasa mnatuambia sisi tusijenge viwanda kwa sababu moshi ni mbaya? Swali hilo bado linaulizwa katika kila mkutano wa tabianchi. Ward hakulikwepa. Alijibu kwamba aliyechafua zaidi na kula zaidi ndiye wa kwanza kupunguza na kulipa, na kwamba kwa mtu asiye na choo wala maji safi umaskini wenyewe ni uchafuzi wa mazingira. Stockholm, kuanzia tarehe 5 hadi 16 Juni 1972, nchi 113 zilikutana. Urusi na wenzake walisusia kwa sababu Ujerumani Mashariki haikualikwa kama wengine. Indira Gandhi wa India alizungumza kwa niaba ya wengi alipouunganisha umaskini na mazingira. Tarehe 5 Juni ikawa Siku ya Mazingira Duniani, ile ambayo shule zetu hupanda miti.

Mkutano ulipendekeza chombo kipya cha Umoja wa Mataifa, na likazuka suala la makao yake. Nchi tajiri zilitaja miji yao. Kenya ikaomba Nairobi, nchi za Afrika, Asia na Amerika Kusini zikaiunga mkono, na Desemba 1972 Baraza Kuu likakubali. Mwaka uliofuata Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilifungua ofisi zake Nairobi. Lilikuwa shirika la kwanza la Umoja wa Mataifa kuwa na makao makuu ya dunia katika nchi inayoendelea. Walioipinga Nairobi walidai kwamba iko mbali. Mbali na nani, hawakusema.

Oktoba 1974, huko Cocoyoc nchini Mexico, Ward aliongoza kikao cha wataalamu kilichoitishwa na shirika hilo la Nairobi pamoja na lile la biashara na maendeleo. Tamko lao lilisema kuna mipaka ya aina mbili: ule wa ndani, yaani mahitaji ya msingi ya kila binadamu ambayo si haki yeyote ayakose, na ule wa nje, yaani uwezo wa dunia kubeba. Maendeleo ni lazima yakae kati ya mipaka hiyo. Na humo, kwa mara ya kwanza kwa uzito huo katika maandishi ambayo Ward ameyasimamia, likaingia neno tunalolijua vizuri, kujitegemea: watu kuamini nguvu na mali zao wenyewe, bila kujifungia. Arusha ilikuwa imefika mezani kwake. Serikali ya Marekani haikulipenda tamko hilo, ikalipinga waziwazi.

Tangu 1973 alikuwa akiongoza taasisi ya utafiti iliyohamia London na kuitwa Taasisi ya Kimataifa ya Mazingira na Maendeleo. Kuyaweka maneno hayo mawili katika jina moja kulikuwa hoja. Mwaka 1976, katika mkutano wa makazi uliofanyika Vancouver, alilipigania jambo moja kuliko mengine, maji safi kwa wote ifikapo 1990. Mkutano ulilikubali, mkutano wa maji wa Mar del Plata mwaka 1977 ukalitilia nguvu, na miaka ya 1981 hadi 1990 ikatangazwa kuwa muongo wa maji.

Tanzania ilikuwa imekwisha kutangulia. Mwaka 1971 ilijiwekea lengo la kufikisha maji karibu na kila mwanakijiji katika miaka 20, na washirika walikuja. Finland ilichukua Mtwara na Lindi, Denmark ikachukua Iringa, Mbeya na Ruvuma, Sweden mikoa ya Ziwa Viktoria, Norway Rukwa na Kigoma, Uholanzi Shinyanga na Morogoro. Ramani ya nchi iligawanywa kama vigango. Vijiji vingi vilipata maji ambayo havijawahi kuyaona, na tunaishukuru kazi hiyo. Lakini kila mshirika alikuja na wahandisi wake na pampu zake, na wafadhili walipoondoka, vipuri navyo viliondoka. Pampu za dizeli zilinyamaza kwa kukosa mafuta, na akina mama wakarudi mtoni na ndoo zao. Ilikuwa hadi miaka ya 1980 na 1990 ndipo kamati za maji za vijiji, zenye wanawake ndani yake na mfuko wao wenyewe, zilipoanza kuhesabiwa kama sehemu ya mradi. Ward aliweka lengo, fedha zikapatikana, na bado ilikosekana sauti ya yule anayebeba ndoo.

Mwili wake ulikuwa umechoka muda mrefu. Saratani ilimrudia zaidi ya mara moja, na alifanyiwa upasuaji mara kadhaa. Ndoa yake nayo ilipita katika machungu, na miaka ya mwisho yeye na Robert waliishi mbalimbali bila kuvunja kifungo mbele ya Kanisa. Mwaka 1976 aliingizwa katika Baraza la Malodi kwa jina la Baroness Jackson wa Lodsworth, kijiji cha Sussex alikokuwa amehamia. Kitabu chake cha mwisho, juu ya maendeleo ya sayari ndogo, kilitoka mwaka 1979. Alifariki Lodsworth tarehe 31 Mei 1981, akiwa na miaka 67. Miaka 6 baadaye tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ilitoa ripoti iliyoyafanya maneno maendeleo endelevu yajulikane kila mahali.

Na ile kodi yake? Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilikuwa limependekeza asilimia 1 ya pato la taifa tangu 1958. Mwanzoni mwa 1970 Ward aliwakusanya wachumi wa mataifa mbalimbali chini ya Chuo Kikuu cha Columbia kujadili kiwango na masharti ya msaada. Oktoba ya mwaka huo Umoja wa Mataifa ulikubaliana asilimia 0.7, bila adhabu kwa asiyetimiza. Sweden, Uholanzi, Norway na Denmark zilikifikia kiwango hicho kabla Ward hajafariki, na msomaji ataona kwamba hizo nne zimo katika orodha ya waliokuja kutuchimbia visima. Nchi yake mwenyewe ilikifikia mwaka 2013, na mwaka 2015 bunge alimokuwa ameketi likakiandika katika sheria. Mwaka 2021 serikali ilikishusha hadi asilimia 0.5, na mwaka 2025 ikatangaza kukishusha hadi 0.3 ifikapo 2027.